Bolti Nne za Safari

Aliyetusimulia kwanza habari hii ni Mama Nshoma, yule anayefua vitambaa vya madhabahu.

Kulikuwa na mama mmoja mwenye mtoto mchanga. Wifi yake wa mjini akamtumia zawadi ya mashine ya kufulia. Sasa hao wawili walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Siku ya harusi wifi alisema mbele ya watu kwamba bibi harusi hajui kusonga ugali, na bibi harusi akalikaza lile neno moyoni miaka mitatu.

Mama huyu alikuwa mtu wa kutunza vitu. Friji yake bado ilikuwa na nailoni ya dukani, na rimoti ilivaa mfuko. Mashine nayo hakuichokonoa. Akaiunganisha na bomba, akatia nepi, akawasha.

Ilipofika hatua ya kukamua, mashine ikanguruma, ikaruka, ikatoka kwenye kona yake ikaenda mpaka mlangoni. Akapunguza nguo. Ikatembea. Akaisawazisha miguu. Ikatembea. Akaizuia kwa tofali, ikaondoka na tofali.

"Dada yako amenitumia pepo," akamwambia mumewe. "Ijumaa inarudi kwake, na mimi na yeye ndiyo basi."

Kwanza akaita akina mama wa maombi. Wakaizunguka, wakaiwekea mikono, naye akaiwasha ili pepo ajidhihirishe. Ndugu zangu, mngekuwa ninyi mngebaki? Kiongozi wa maombi alikutwa nje, kwenye kamba ya nguo, bado anakemea.

Ikabidi aitwe fundi. Akachungulia nyuma ya mashine.

"Mama, hizi bolti nne mbona zipo?"

"Zimekuja nayo. Kitu kipya hakifunguliwi ovyo."

"Hizi ni za safari, mama. Zinabana pipa la ndani lisigonge likiwa kwenye lori. Ikishafika nyumbani unazitoa, la sivyo itajipigapiga mpaka ife. Aliyeinunua hakukwambia?"

Mama akachukua simu yake. Siku mashine ilipoletwa, wifi alipiga simu mara tatu, naye akaiacha iite. Akafungua ujumbe ambao hakuwahi kuusoma: "Wifi, kabla hujawasha, fundi atoe bolti nne za nyuma. Usije ukamshtua mtoto wetu."

Je, sisi? Tulichokikaza siku ile ya aibu kilitusaidia, sikatai. Mtu akiwa njiani lazima ajibane asivunjike. Lakini tumeshafika, jamani. Tuna nyumba, tuna watoto, na bado tumejibana, tunaruka kwa kila neno, kisha tunaita watu waje kukemea pepo wa mwenzetu. Nani kati yetu amewahi kujichungulia mgongoni?

Fundi alipozitoa zile bolti, yule mama alizifunga kwenye pindo la kanga. Kesho yake asubuhi, nepi zikizunguka taratibu na mashine imetulia kwenye kona yake, akapiga simu.

"Wifi, njoo Jumamosi," alisema. "Ugali nitasonga mimi. Ukiwa mbaya, uniambie jikoni."