Swali la Bwana Ngwali

Hoteli ya Bwana Ngwali ilikuwa haina mpishi, lakini waliokuja kuomba kazi hakuwauliza kama wanajua kupika. Alikaa nyuma ya meza, feni ikimpepea yeye peke yake, akauliza:

"Ungekuwa kiungo, ungekuwa kiungo gani?"

Aliyesema chumvi aliambiwa atayeyuka kazini. Aliyesema pilipili aliambiwa ni mgomvi. Wote wakaonyeshwa mlango.

Ikafika zamu ya Siwatu, mjane ambaye jiko la nyumbani kwake lilikuwa limepoa siku nyingi.

"Nikijibu vibaya, bwana?"

"Unakwenda zako."

"Na nikijibu vizuri?"

"Huyo hajazaliwa."

"Na nisipojibu?"

"Hatoki mtu hapa bila kujibu!"

"Basi niruhusu nikafikirie jikoni. Mikono yangu ikikaa bure, akili nayo hulala."

Bwana Ngwali akacheka, akamruhusu. Haukupita muda, harufu ya pilau ikafika barabarani. Wapita njia wakaingia, walioingia wakataka kuongezwa. Bwana Ngwali mwenyewe alimaliza sahani mbili, ndipo akakumbuka ukubwa wake, akaenda jikoni.

"Haya, bibie, jibu!"

Siwatu akaweka mwiko chini, akafunika sufuria, akachukua buibui lake msumarini.

"Jibu ninalo, bwana. Nikwambie, nende zangu?"

Bwana Ngwali akazitazama sahani tupu zilizokuwa zikinyooshwa dirishani.

"Nyamaza!" akasema. "Nani kakuuliza?"