Pimbi, Kiboko na Sinia la Wali

— Paukwa.
— Pakawa.
— Pakawa nini?
— Pakawa ugomvi.
— Wa shamba?
— La.
— Wa mke?
— La.
— Basi wa nini?
— Wa mpira!

Palikuwa na vyuo viwili, Chuo cha Mawe na Chuo cha Matope. Vilichukiana hata chumvi haviazimani. Kila mwaka vilicheza mpira ule wenye umbo la yai, unaobebwa mikononi: ukiuvusha mstari wa wenzako, umeshinda. Masomo pia yalikuwepo, nasikia.

Matope walikuwa na Kiboko, mbeba mpira. Kiboko alikula kifungua kinywa cha bweni zima, kisha akauliza cha mchana kiko wapi. Mawe walikuwa na Pimbi, mlinzi. Wakubwa walijipanga mbele wakawa ukuta, naye Pimbi alisimama nyuma yao peke yake. Kazi yake moja tu: atakayepenya ukuta, amwangushe.

Mwaka wa kwanza Kiboko akaja, du, du, du. Akapenya ukuta. Pimbi akasimama. Pwaa. Akabebwa kwa machela.

Mwaka wa pili Kiboko akaja, du, du, du. Akapenya ukuta. Pimbi akasimama. Pwaa. Machela.

Mwaka wa tatu, pwaa. Wabeba machela walikuwa wamekwisha kuwa marafiki zake.

Kocha Ngedere akamwita. "Mwakani ndio mwisho. Akikupita tena, rudisha jezi, rudisha na godoro. Na cheti usahau."

"Lakini kocha, mitihani nimefaulu."

"Mitihani gani?" Kocha akauliza, wala hakuwa anatania.

Pimbi akalia kweli. Mama yake alikwisha kuwatangazia majirani wote kwamba mwanawe atarudi na cheti.

Mwaka wa nne Pimbi akaingia uwanjani na kapu. Ndani mna sinia la wali kwa kuku, birika la maji na beseni. Mwamuzi Kobe akafungua kitabu cha sheria, akasoma polepole. Sheria zilikataza fimbo, mawe na pembe zilizochongwa. Wali hazikuutaja.

Kiboko akaja, du, du, du. Akapenya ukuta. Akamkuta Pimbi kaketi chini, kafunua sinia.

"Karibu, ndugu yangu," Pimbi akasema.

Du, du... du. Kiboko akasimama. Tangu azaliwe hajawahi kukaribishwa akasema ameshiba. Akanyoosha mkono.

"Hunawi?" Pimbi akauliza, kwa sauti ya kufika jukwaani.

Jukwaani mama yake Kiboko akainuka. "Nawa, mwanangu. Usinitie aibu mbele za watu."

Kiboko akatazama maji. Akatazama mpira.

"Lete nikushikie," Pimbi akasema.

"Ahsante, ndugu yangu."

Chururu, Kiboko akajimiminia maji. Ti ti ti ti, Pimbi akakimbia. Prii, filimbi ikalia: Pimbi kavuka mstari. Kiboko, mdomo umejaa, akauliza kama kuna pilipili.

Mkuu wa chuo akampa Pimbi cheti mbele ya umati, kimeandikwa Shahada ya Nguvu. Kocha Ngedere akaeleza kwa saa mbili alivyomjenga misuli. Mama yake Pimbi akapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Fundisho lake, wanangu: adabu ni hasara, na mikono michafu ndiyo hufika mbali.

Hadithi yangu imevuka mstari. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni. Chakula kimeiva, nendeni mkanawe. Sahani zenu nitawashikia mimi.