Muhuri wa Sultani na Mtungi wa Bi Mize

Hapo zamani, katika mji wenye maduka mengi na wanunuzi waoga, palikuwa na Sultani aliyeitwa Jaha, ambaye alipenda kusifu na kuponda bidhaa kuliko kutawala. Kila Alhamisi mafundi walimletea vitu vyao, pamoja na picha walizozichora wenyewe juu ya kitambaa. Sultani akazitundika barazani, akakijaribu kila kitu, akasema kizuri au kibaya, na watu wakanunua kwa kufuata ulimi wake. Lakini kabla ya yote, bila hata kutazama, alipiga muhuri wake mwekundu katikati ya picha, mkubwa kama sahani ya pilau.

Ikawa Bi Mize mfinyanzi aliiona picha ya mtungi wake, na kwa muhuri ule mtungi umekaa kama uliomeza chura. Akachora nyingine safi, akaitundika mlangoni pake. Askari wakamkamata kwa wizi wa picha ya Sultani.

"Seyyidi yangu, picha nimeichora mimi, na mtungi nimeufinyanga mimi."

"Nilipopiga muhuri ikawa yangu!" akanguruma Sultani. "Tena si picha tu. Kila kilichomo ndani yake ni changu! Alhamisi ijayo, baraza likiisha, tanuri lako livunjwe."

Basi jirani yake Bi Mize alikuwa Feruzi, mtu asiye na mali ila tumbo na maneno, na tumbo hilo lilishibia jikoni kwa Bi Mize. Aliposikia habari ya tanuri alikosa usingizi, kisha akaanza kucheka peke yake, hata mkewe akadhani ni homa.

Alhamisi ikafika. Feruzi akaingia barazani na kitambaa, akainama mpaka kilemba kikamdondoka.

"Umeleta bidhaa gani?" akauliza Sultani, macho yake kwenye halua.

"Ya nyumbani kwangu, Seyyidi. Imara, haivunjiki, wala haichoki."

Muhuri ukashuka, pwaa! Kitambaa kikatundikwa, na baraza zima likaangua kicheko. Ndani ya picha mlikuwa na Feruzi, mkewe, wanawe, mbuzi mmoja, na katikati, muhuri ukimwakia tumboni, mama mkwe wake, Bi Kurwa.

Papo hapo mlango ukafunguka, wakaingia wote hao na mikeka yao na kinu.

"Hawa nini?" akauliza Sultani.

"Mali yako, Seyyidi. Kila kilichomo ndani ya picha. Mbuzi hali majani makavu, na mimi hula mara tatu."

Bi Kurwa hakungoja kukaribishwa. Akabonyeza godoro la kiti cha enzi. "Gumu." Akaonja halua. "Hii mmeipika au mmeikamata? Haina hiliki." Akamtazama Sultani juu mpaka chini. "Na wewe mwanangu, kilemba kizuri, lakini mgongo huo umeupinda. Kaa sawa!"

Sultani akakaa sawa. Kisha akashtuka kwa kutii.

"Feruzi! Mtoe!"

"Nimtoe vipi, Seyyidi, naye si wangu tena? Nikimchukua nitakuwa mwizi kama Bi Mize."

"Muhuri ni wino tu! Hauwezi kunipa mtu! Picha hii nani kaichora?"

"Mimi," akasema Bi Kurwa, mdomo umejaa halua.

"Basi picha ni yako uliyeichora, nawe ni wa kwako mwenyewe! Nenda!"

Feruzi akaokota kilemba chake polepole.

"Seyyidi yangu amehukumu. Na mtungi, je?"

Sultani akatazama picha ya mtungi ukutani, akatazama tumbo la Bi Kurwa, akacheka mpaka kilemba kikamwangukia puani. Akaamuru askari waliokwisha shika nyundo warudi, na tanuri la Bi Mize libaki. Na tangu siku ile muhuri ukapigwa chini ya maneno ya Sultani yaliyoandikwa tu, picha zikaachiwa wenyewe.

"Nawe Feruzi, omba zawadi."

"Naomba mama mkwe abaki kwako mwezi mmoja tu, Seyyidi."

Sultani akampa punda, yule mwenye mbio kuliko wote zizini, ili Bi Kurwa afike nyumbani kabla halua haijaisha mdomoni. Nami hekaya yangu naifunga hapa, haina muhuri. Aipendaye na aichukue.