Hasira ya Siwema Juu ya Paa la Lori

Usiliulize jua, iulize betri. Mmeisikia leo kikaoni mkacheka, kwa sababu ina betri ndani yake, na ninyi mnadhani kila methali lazima iwe na fisi au jembe. Haya, kaeni. Ilizaliwa kwenye minada ya mifugo huku kwetu, na iliyoizaa ni hasira ya mwanamke, tena hasira ya haki. Ilikuwa hivi.

Palikuwa na mchanjaji wa kuku aliyeitwa Siwema. Yeye na mumewe Athumani walikuwa wakiishi ndani ya lori kuukuu walilolijengea bodi ya mbao. Humo mlikuwa na kitanda, jiko la gesi, na friji ndogo ya kuhifadhia chanjo ya mdondo, ule ugonjwa unaofagia kuku banda zima. Walihama na minada. Mnada ukivunjika wanakunja turubai na kuelekea kwingine. Wafugaji walimwamini Siwema kuliko walivyomwamini daktari wa mifugo wa wilaya, ambaye hata sura yake hawakuifahamu. Tone moja kwenye jicho la kuku, na mwenye kuku anarudi nyumbani moyo umetulia. Siwema hakuwa na duka wala kibao. Alichokuwa nacho ni jina tu.

Chanjo ile haitaki joto. Ikipata joto inakufa ndani ya chupa, na kwa macho huwezi kutofautisha iliyo hai na iliyokufa. Kwa hiyo Athumani alifunga paneli za sola juu ya lori, akavuta nyaya mpaka kwenye betri, na betri ikawa inaendesha friji. Nyaya alizifunga vizuri, tusimnyime haki yake. Ila paneli zilikuja zimevikwa nailoni nzito, na Athumani alikuwa mtu wa nailoni. Mnawajua watu hawa, mnao majumbani mwenu. Kochi linakaa na nailoni yake mpaka mbao zinaliwa na mchwa, na rimoti haijawahi kuguswa na kidole kitupu. Hata kiti cha dereva cha lori lile alikikalia juu ya nailoni, jasho likimtiririka mgongoni, kisa kiti kisizeeke. Basi na ya paneli hakuitoa. Alisema vumbi la barabarani litazichakaza, na akapiga marufuku mtu yeyote kupanda huko juu, mkewe akiwemo.

Siwema hakuacha kumuuliza. "Baba Shani, betri inapata chaji?" Shani ni binti yao, ambaye wakati huo alikuwa ameshaolewa.

Athumani hunyoosha kidole angani. "Mama Shani, hulioni jua hili? Jua la kupasua mawe, betri itakosaje chaji?"

Hapo ndipo damu inaponichemka kila ninaposimulia. Mtu anaulizwa habari ya betri, anajibu habari ya jua. Ni jibu la asiyetaka kuinuka alipoketi. Ni kweli palikuwa na kipimo karibu na usukani, na Athumani alikuwa akikitazama, lakini alikitazama wakati wanawasili, injini bado inanguruma. Injini nayo ilikuwa na waya wake kwenye betri ileile, na lori likiwa safarini ndiyo iliyokuwa ikiijaza. Kipimo kinaonyesha betri imejaa, Athumani anaisifu sola yake, na sola yenyewe haijatia kitu.

Mwaka mmoja, kuelekea Idi ya kuchinja, mnada ulichukua muda mrefu kuliko kawaida, na lori likakaa bila kuwashwa. Waliochanjiwa kuku siku za mwanzo walipata chanjo nzima. Nyanjige alikuja mwishoni. Alikuwa mjane mtu mzima, mwenye wajukuu nyumbani, na kuku ndio waliokuwa shamba lake na ng'ombe wake. Alimshika kila kuku kwa mikono yake mwenyewe, akamgeuza kichwa, na Siwema akatia tone.

Mdondo ulipopita kijijini kwao, kuku wa majirani, waliochanjwa siku za mwanzo, walisalimika. Wa Nyanjige walikufa shingo zimepinda.

Mnada uliofuata, lori likiwa tena limekaa siku kadhaa bila kuwashwa, alikuja na gunia. Hakumsalimia mtu. Alilimwaga mezani kwa Siwema, mbele ya wateja, na mizoga ikatandazika juu ya meza.

"Shikamoo, mama," alisema Siwema, maana ulimi ulishazoea.

Nyanjige hakuitikia. "Hawa uliwachanja wewe. Niliwashika mwenyewe. Niambie uliwatia nini."

Wateja waliinua matenga yao ya kuku, mmoja baada ya mwingine, wakaondoka bila kuaga. Siwema alijua wanachoondoka nacho si kuku peke yao. Aliingia ndani ya lori, akafungua friji, akashika chupa. Zilikuwa vuguvugu. Alizirudisha, akashuka kumtafuta mumewe.

Athumani alikuwa kivulini, anakunywa kahawa.

"Baba Shani, betri inapata chaji?"

"Mke wangu, kwa jua lote hili..."

"Sijakuuliza jua."

"Sasa sola inakula nini kama si jua?"

"Nimekuuliza betri. Inuka ukatazame kipimo, na injini usiiguse."

Athumani aliinuka kwa kujivuta. Alichungulia, akakigonga kipimo kwa kucha. Mshale ulikuwa umelala chini kabisa. "Labda kimeharibika," alisema.

Siwema alijifunga kanga kiunoni, akakanyaga tairi, akapanda juu ya paa alilokatazwa. Huko juu hakuona paneli. Aliona nailoni iliyogeuka njano, imejaa kinyesi cha kunguru, na chini yake vumbi lililoingia kwenye mikunjo na kugeuzwa tope na umande wa asubuhi nyingi. Aliichana kwa mikono. Kila kipande alichokichana alikirusha chini, na hakujali kinamwangukia nani.

"Tazama kipimo," alisema.

Athumani alijibu kwa sauti ndogo kutoka ndani. "Kinapanda."

Ndipo Siwema akasema, amesimama juu ya paa, na mnada mzima umenyamaza kumsikiliza. "Jina langu umeliua kwa nailoni. Kila siku nakuuliza betri, unanijibu jua. Jua lilifanya kazi yake, liliwaka. Sasa nakwambia mbele ya watu hawa: kuanzia leo usiliulize jua, iulize betri."

Watu walicheka, mnada ni mnada. Mpaka jioni wachuuzi walikuwa wakitaniana kwa maneno hayo. Lakini bado haikuwa methali. Ilikuwa ni mke kamfokea mumewe, na hilo si jambo geni hapa duniani.

Siwema alitaka jina lake lirudi. Alizimwaga chanjo zote zilizopata joto, akaazima kipaza sauti cha muuza dawa za mende, akauomba radhi mnada mzima. Akaenda kijijini kwa kina Nyanjige akachanja kuku wa watu bure, kutwa nzima, nyumba kwa nyumba. Watu wakamsifu. Matenga yakaanza kurudi mezani kwake, na moyo wake ukarudi mahali pake.

Siku moja Nyanjige akapita mbele ya meza hiyo. Siwema akamwamkia. Yule mama akapita kama hakusikia. Basi Siwema naye akachukia, maana aliona ameshafanya kila kitu. Akamfuata.

"Mama, nimeomba radhi mbele ya mnada mzima. Dawa nimemwaga. Kijiji chenu chote nimechanja bure. Unataka nifanye nini tena?"

Nyanjige aligeuka. Hakupaza sauti, na hiyo ndiyo hasira mbaya zaidi.

"Umechanja kuku wa kijiji. Mimi kwangu ungechanja nini, banda?"

Akamsogelea Siwema.

"Kila ninayekutana naye ananiambia Siwema ameomba radhi. Kisimani wananiambia, kwenye mashine ya kusaga wananiambia. Siku ile ulipita mlangoni kwangu na boksi lako, ukaona banda halina kitu, ukaendelea kwa jirani. Wewe si ndiye uliyepanda juu ya lori ukamfokea mwanamume wa watu? Radhi yako imewaka kila mahali, mwanangu. Mimi ndiyo betri. Mbona hukuniuliza?"

Waliokuwa karibu walisikia, na safari hii hakuna aliyecheka. Siwema alitafuta neno la kujitetea, na kila alilolipata lilikuwa habari ya jua.

"Umebaki na nini, mama?" aliuliza mwishowe.

"Kuku mmoja," alisema Nyanjige. "Alikuwa ameenda kutagia kwa jirani siku ile uliyopita na boksi lako, ndiyo maana ukaliona banda tupu, ukamwacha bila dawa."

Siwema aliipokea lawama hiyo. Alirudi kwenye lori, akamwambia Athumani afunge turubai, akachagua kwenye matenga ya kuku wachache aliowafuga mwenyewe matetea waliochanjwa chanjo nzima, akawabeba, akaenda kwa miguu mpaka kwenye lile banda. Hakuchukua kipaza sauti. Na watu waliokuwa wakitaniana kwa maneno yake wakaanza kuyasema wakiwa wamekunja uso, kwa kila mtu anayetangaza alichotoa bila kwenda kutazama kama kimefika.

Usiliulize jua, iulize betri.