Kanyagio la Kulia

Anjulo alikuwa akifuma usingizini. Kitanda chake cha kufumia kilisimama juu ya milima ya kwao Dorze, ndani ya ukungu, na nyuzi zilimjia zenyewe kutoka mawinguni, nyeupe, laini, bila kukatika. Mguu wa kushoto ulikanyaga, wa kulia ukapokea, na shuka la harusi la binti yake likazidi kurefuka kuelekea bondeni. Kwa mbali alisikia mashine ikipumua kama mtu anayepuliza makaa.

Mwili wake ulikuwa hospitalini Addis Ababa, siku ya pili baada ya kupasuliwa moyo. Moyo ulikuwa bado mchovu. Kwa hiyo madaktari walikuwa wamepitisha mrija katika mshipa wa damu wa kinena cha kulia, wenye puto dogo lililojaa na kunywea ili kuusaidia moyo kusukuma damu. Dawa zilimlevya, na bomba la kupumulia lilimziba kinywa. Kusikia alisikia, kusema hakuweza.

Asubuhi Sista Hirut, muuguzi wa zamu, alimgusa nyayo. "Huu wa kulia una ubaridi kidogo," alisema.

"Si mmeacha dirisha wazi?" alidakia Bogalech, mke wa Anjulo. "Huo ni upepo, Sista. Upepo ndio unaotumaliza sisi, wala si moyo."

Hirut alicheka. Mama yake mwenyewe angesema vivyo hivyo. Alitupia mashine jicho, akaona tarakimu zote nzuri, akafunga dirisha. Bogalech alivua gabi lake, shuka zito alilofumiwa na mumewe, akaifunika miguu yote miwili. Daktari hakuambiwa kitu.

Kule ukunguni, kanyagio la kulia likawa zito. Anjulo alikanyaga, nyuzi zikagoma kufunguka. Alipotazama chini aliona mguu wake umezama katika kijito cha maji baridi, na maji yanapanda. Hofu ikamwingia mpaka mifupani. Mfumaji wa mguu mmoja atafuma nini, na wanawe watakula nini? Aliita, sauti ikageuka pamba mdomoni.

Adhuhuri Bogalech aliliona gabi likitikisika. "Mtazame mchapakazi wangu," alisema. "Hata hapa anafuma." Kisha tabasamu likamfutika. Kwa miaka ishirini na miwili miguu hiyo ilikuwa ikimpiga mateke kitandani kwa zamu, kushoto, kulia. Leo ilikuwa kushoto, kushoto, kushoto.

"Sista, njoo. Wa kulia haufumi."

"Ni dawa za usingizi, mama. Mwache apumzike."

"Dawa gani hiyo inayolaza mguu mmoja?"

Hirut alifunua. Mguu ulikuwa umepauka kama nta, vidole vimeiva zambarau, na mapigo ya damu hayakuwepo kabisa. Alimpigia simu Daktari Fikru papo hapo. Mrija ulikuwa umebana njia ya damu, na bonge la damu limeganda nyuma yake. Kwa bahati moyo ulikuwa umeshapata nguvu. Waliliondoa puto, wakaufungua mshipa na kulivuta bonge lile. Katika ndoto maji yalianza kupungua, na maumivu yakaingia mahali pake.

Wiki ya tatu Daktari Fikru alikaa ukingoni mwa kitanda. "Mguu tumeuokoa, Anjulo. Vidole viwili vimekwenda, na kidole gumba ni kimojawapo. Hivi ubaridi ulianza lini?"

"Asubuhi ile," alijibu Hirut, macho chini. "Niliugusa kwa mkono wangu huu."

"Na mimi nikaufunika," alisema Bogalech.

Anjulo aliitazama bandeji, mahali pa kidole kilichoshika kamba ya kanyagio tangu utoto wake. "Niliwaita," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Nilikanyaga, nikakanyaga."

Bogalech alilia kwa uchungu, na hakuna aliyemnyamazisha. Ubaridi kidogo tu, walisema. Kweli, mdharau mwiba mguu huota tende.