Mjane na Kalibu Lililotandikwa

Tulieni kidogo, enyi mliokusanywa na wito mmoja. Leo sina maneno mengi ya kuwapeni. Nina sanduku tu.

Katika mji mmoja wa kando ya ziwa, ambako mawese huchemka takriban kila ua, palikuwa na mwanamke na mumewe waliokuwa wakitengeneza sabuni. Mke alishika sufuria na mwiko. Mume alishika kalibu, nalo lilikuwa sanduku la mbao lenye urefu wa mkono wa mtu mzima. Je, mnaijua kazi hiyo? Sabuni mbichi ina tabia ya kung'ang'ania. Ukiimimina juu ya mbao tupu, huingia katika nyuzi za mbao ikaganda humo, na siku ya kuitoa huna budi kuvunja kimojawapo, sabuni au sanduku. Kwa hiyo mume alikuwa akikata nailoni, akiitandika ndani ya kalibu, akiilaza chini na ubavuni, kisha akizikunja pembe zake nne kwa uangalifu wa mtu anayemtandikia mgeni kitanda.

Pembe tatu alizimudu. Ya nne ilimshinda. Kidole gumba chake cha kulia kilikuwa kimekakamaa tangu ujanani, hakikuweza kuingia pembeni na kuukandamiza mkunjo ule. Basi kila kipande kilichotoka pembe hiyo kilikuwa na mstari uliopinda ubavuni, mfano wa kovu.

"Bwana wee," mkewe alikuwa akimwambia, "pembe hii umeifunga kama mzigo wa kuni. Nani atanunua sabuni yenye makunyanzi?"

"Mbona mimi nina makunyanzi na hujanirudisha kwetu?"

Mke husonya, akacheka, akakitenga kipande kile kwa matumizi ya nyumbani. Ndivyo walivyoishi miaka mingi. Hawakujaliwa mtoto.

Siku moja baada ya adhuhuri mume alilitandika kalibu, akaliweka kizingitini, akasema anajinyoosha kidogo wakati mawese yanapoa. Hakuamka. Sisi sote ni wa Mola, na kwake ndiko tunakorejea.

Watu walikuja, wakazika, wakasoma hitima, wakala, wakaondoka. Mjane akakaa eda, akaimaliza. Siku alipovua nguo za eda alilikuta kalibu pale alipoliweka mtu aliyefagia siku ya msiba, yaani juu ya kabati, limetandikwa vile vile. Akaitazama pembe ya nne. Mkunjo ulikuwa umesimama, haukulala. Akalifunika kwa kanga.

Yeye alijua jambo ambalo msiojua sabuni hamlijui. Nailoni ikishamiminiwa, hutolewa kwa kuvutwa, na mikunjo yote hufumuka. Akimimina, basi kazi ya mwisho ya mikono ile itafumuka mikononi mwake. Asipomimina, atakula nini? Akachagua kutomimina. Debe la mawese likagandia uvunguni. Jiko likazoea baridi. Alipika siku moja akala siku mbili, na baadaye hata hiyo siku moja ikamlemea, kwani kumpikia mtu mmoja ni kazi ndefu kuliko kuwapikia kumi. Jioni alipokuwa akifunga mlango, maneno yalimtoka yenyewe: "Umeshaingia?" Kisha husimama pale na komeo mkononi, akimsubiri ambaye hatajibu.

Msidhani hakubishiwa hodi. Alibishiwa kila siku.

"Hodi! Sabuni ipo?"

"Haipo."

"Itakuwapo lini?"

"Mola akijalia."

"Haya, tutapita." Na kweli wakapita.

Mwaka ulipokaribia kutimia, alihamia jirani mwanamke mchoma vitumbua, mgeni wa mji, asiyejua kwamba nyumba ile ilikuwa na sabuni. Asubuhi moja alikuja na kipande cha kigae mkononi.

"Hodi, mama. Kiberiti changu kimelowa. Nakuomba kaa moja la moto."

"Moto sina, mwanangu."

"Saa hizi? Basi nipe majivu yenye uvuguvugu, nitapuliza mwenyewe."

Yule mgeni akachungulia jikoni, akaona majivu yaliyokandamizwa na nyayo za kuku. Akakiweka kigae chini, akaketi bila kuambiwa karibu.

"Mama, jiko hili limezimika lini?"

Hapakuwa na mtu aliyewahi kumuuliza hivyo. Mjane akafungua kinywa aseme "jana," lakini uongo ule ukakataa kutoka.

"Na lile sanduku lililovishwa kanga," mgeni akaendelea, "lina nini?"

"Halina kitu."

"Mbona limefunikwa kama lina mtu?"

"Lina mikunjo ya mume wangu."

Mgeni hakucheka. Akasimama, akalishusha, akatazama ndani muda mrefu.

"Pembe hii kaiboronga," alisema.

"Usimseme!" Mjane aling'aka. Kisha, mara, akacheka kicheko kilichokuwa kimelala mwaka mzima, na ndani ya kicheko kile machozi yakatangulia. "Miaka yote nilimwambia. Miaka yote!"

"Alikuwa akiikunja ili iweje?"

"Ili sabuni itoke bila kung'ang'ania."

"Na sabuni yenyewe iko wapi, mama? Mbona naona ung'ang'anizi tu?"

Neno lile lilimchoma. Alilinyang'anya kalibu mikononi mwa mgeni, akaliweka mapajani, akakaa nalo mpaka jua likafika kizingitini. Hatimaye akasema kwa sauti ndogo, "Nivutie hilo debe uvunguni."

Wakayeyusha mawese. Mjane akapima maji makali ya magadi, mgeni akakoroga mpaka mchanganyiko ukawa mzito kama uji wa mtoto. Wakamimina. Siku ya pili mjane alishika ncha ya nailoni, akafumba macho, akavuta. Pembe ya nne ikafumuka. Alipofumbua macho, nailoni ilikuwa nailoni tu, haina mkunjo wa mtu. Lakini ubavuni mwa sabuni, pale pembeni, palikuwa na ule mstari uliopinda, mfano wa kovu.

Akaupitishia kidole taratibu, kwenda na kurudi.

Sabuni ikakaa kwenye ubao majuma manne ili ukali wake upoe, na kila asubuhi mgeni alikuja na kigae chake, nao moto ukawapo. Ilipokomaa, alimwambia, "Hicho cha pembeni kiweke sandukuni, mama, kiwe ukumbusho."

Mjane akakitumbukiza kwenye beseni la maji. "Nimekwisha kuweka vya kutosha," alisema. "Leta mikono, tunawe tule."

Sasa nawaulizeni, ndugu zangu: mfano huu ni wa nani? Nawaona baadhi yenu mkimtikisia kichwa mjane, mkisema masikini, alipita mpaka katika huzuni. Hapana. Mwacheni mjane. Yeye alishika alichokuwa nacho, na alipooneshwa njia akaachilia.

Nauliza habari za wale waliobisha hodi. Mwaka mzima walisimama kizingitini pake, wakauliza sabuni, wakaambiwa haipo, wakaenda. Ni akina nani wale? Si walikuwa wakisimama safu moja na marehemu? Si walikula pilau ya hitima yake na kulamba vidole? Ndio sisi! Sisi tunaojua kuingia nyumba ya msiba siku moja tukiwa mia, na siku ya arobaini na moja asiwepo hata mmoja. Tunabisha hodi kwa haja zetu, tukiambiwa hazipo tunaona hapana mtu. Ikawa aliyejua kwamba jiko limezimika ni mgeni aliyekuja kuomba kaa la moto.

Mkitoka hapa mtaupita mlango mmoja. Kila mmoja wenu ameshaujua ni upi, sina haja ya kuutaja. Usiulize sabuni. Kiberiti chako kiache nyumbani, chukua kigae, ukaombe moto.