Bakuli la Popo Wekundu

Wametuhadithia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji wa Siyu palikuwa na mjane mcha Mungu, Bi Somoe. Alikuwa na binti mmoja, Rukiya, na bakuli moja la kauri ya Kichina. Loo, bakuli hilo! Rangi zake zilichomwa zikang'aa: matunda ya pichi mabivu, na popo wekundu wakiyazunguka. Aliyemuuzia marehemu mumewe alisema kwamba kwa Wachina pichi ni umri mrefu, na popo ni kheri tupu. Likawekwa kwenye kidaka cha ukuta, halikutiwa chakula hata siku moja.

Rukiya akashikwa na homa kali, mpaka majirani wakaanza kunong'ona habari za sanda. Bi Somoe akaweka nadhiri: binti akipona, bakuli litajengewa katika ukuta wa kibla cha msikiti, kama ilivyokuwa desturi ya mji. Rukiya akapona.

Alipolipeleka, Sheikh Muhidini, imamu wa msikiti, aliligeuzageuza akatabasamu.

"Popo hawa ni viumbe wenye roho, mama. Hatuwezi kusali tumewaelekea. Rudi nalo, utatoa kitu kingine, na Mungu atapokea."

Bi Somoe akarudi nyumbani nusura aruke kwa furaha. Lakini alipokwisha kuliweka kidakani, furaha ile ikamtia haya. Hakulipenda kwa uzuri wake tu. Moyoni aliogopa kwamba likitoka bakuli, umri wa Rukiya utatoka nalo.

"Ewe Somoe," akajisuta, "unamsujudia Mola kila sala, kisha unamwogopea mwanao popo wa udongo?" Akalia, akatubia, akalichukua tena hadi msikitini.

"Maalim, ikiwa kiblani halifai, na likae mlangoni, watu wanywee maji."

"Kwa kunywea linafaa. Lakini mikono ni mingi, mama, litavunjika."

"Na livunjike."

Na kweli, halikudumu. Mchukuzi mmoja, Kitwana, lilimponyoka likapasuka sakafuni. Akamwendea Bi Somoe, vipande amevifunga nguoni. Bi Somoe alipoviona, hofu yake yote ya zamani ikamrudia.

"Rukiya!" akaita. "Rukiya, mwanangu!"

"Labeka, mama!" Sauti ilitoka jikoni, mdomo umejaa. "Wallahi nimeonja kitumbua kimoja tu!"

Bi Somoe akacheka mpaka akakaa chini, machozi yakimtoka, kisha akamgeukia Kitwana. "Alhamdulillahi! Nenda kwa amani, baba. Hukuvunja umri wa mtu."

Ndugu yangu, imamu alikwisha kumpa ruhusa mwanamke yule; nani angemlaumu lau angebaki na bakuli lake? Lakini lipo deni la moyo ambalo halijui ila mja na Mola wake. Bi Somoe alililipa, naye akalipwa papo hapo: binti mdokozi wa vitumbua, na kifua kisicho na hofu. Mola atujaalie mfano wake.